Kiapo cha Chumba cha Juu

Kibokoni, Mombasa
4 Agosti 2024

Mwanangu Aidarus,

Assalam alaykum. Ikiwa barua hii imekufikia inanukia udi, jua Sufyan ameitia pamoja na leso zake anazokuja kuuza huko Mahe. Ikiwa haikukufikia, mlaumu yeye, si mimi. Na usinitajie tena simu. Masikio yangu hayashiki simu, nasikia kama mtu anayekoroma ndani ya debe, na hizo jumbe zenu za kubonyeza kwa kidole gumba sizitaki. Barua naisoma nimekaa kitako, nikipenda naisoma tena.

Sisi ni wazima, alhamdulillah. Goti la kushoto lalia nikipanda ngazi, lakini napanda. Maisara, jirani yetu, ameoza bintiye wa mwisho, harusi imekwisha na watu wameshasahau pilau, lakini masinia yangu hajarudisha. Paka amezaa chini ya kitanda chako. Nikamfukuza, akarudi, nikamwacha. Paa la nyuma limezibwa, Mungu akuzidishie.

Sasa sikia habari. Juzi baada ya adhuhuri nilisikia hodi. Kushuka, namwona kijana amesimama mlangoni, shati limenyooka, mkoba begani. Kyalo jina lake, Mkamba, ametoka afisi ya kodi. Roho ikaruka. Nikamwambia, tumefanya nini tena? Akasema la, mama, nimetumwa kuhakikisha jambo moja tu. Adabu anayo, maana alivua viatu kabla sijamwambia. Akauliza kama hapa ndipo nyumbani kwa Aidarus.

Wallahi nilichukia. Ati kama ndipo nyumbani kwake! Nikamwambia, kijana, hebu kaa chini. Huyu amezaliwa nyumba hii, babake ambaye ni ndugu yangu alifia nyumba hii, na mimi shangazi yake ndiye niliyemlea. Huko Shelisheli amekwenda kutafuta riziki tu, hajahama. Nikampandisha juu nikamwonyesha chumba chako, kitanda kimetandikwa, kanzu zimetundikwa. Nikamwonyesha na mita ya stima ina jina lako. Nikamwambia kila Ramadhani yuko hapa hapa, na ufunguo wa mlango mkubwa anao huko huko aliko. Akawa anaandika. Nikamwambia andika vizuri, wasije wakadhani ni mtu asiye na kwao.

Akanywa kahawa, akala kaimati, akashukuru akaenda zake. Sijui walikushitakia nini huko afisini, lakini jina lako nimelisafisha. Nilifurahi siku nzima.

Uandike upesi. Na useme utaoa lini, maana Maisara sasa amepata mdomo.

Shangazi yako,
Tumu


Mahe, Shelisheli
8 Septemba 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Nakubusu mkono. Barua ilifika na udi wake, na wenzangu chumbani wakaniuliza nani anaoa.

Mimi niko salama. Kazi ni ile ile niliyojifunzia Liwatoni, vyumba vya barafu vya kuwekea samaki. Nje jua la kuunguza utosi, ndani baridi inauma mpaka meno. Mashine yenyewe ni kongwe na ina kiburi, huharibika siku za mapumziko tu. Paka mwache alee wanawe. Masinia nitamdai Maisara mwenyewe nikija.

Kuhusu yule kijana Kyalo, umemkirimu vizuri, sikuwa na shaka. Nataka tu kuuliza, je, na habari ya ufunguo aliiandika? Na ya Ramadhani? Ni kuuliza tu.

Nikueleze, maana sikuwahi kukueleza. Mimi hapa nakatwa kodi kila mwezi. Wakala aliyenileta kazini ndiye anayekata, naye ndiye wa kunipa cheti kwamba imelipwa serikalini. Cheti hicho namdai tangu mwaka wa kwanza, kila nikimwendea naambiwa kesho. Na huko nyumbani, mtu akihesabiwa kuwa mkaazi, hutozwa kwa chochote anachokipata, popote alipokipatia. Mwenye cheti hupunguziwa. Mimi sina, kwa hiyo jasho langu moja linakatwa huku na linadaiwa huko. Ndipo nikawaandikia kwamba mimi si mkaazi, naishi huku, nyumbani naja kutembea. Wakasema watatuma mtu aangalie. Sheria yao ni kwamba mwenye nyumba ya kudumu nchini, akikanyaga hata siku moja katika mwaka, huyo ni mkaazi.

Usitie wasiwasi moyoni. Nitazungumza nao. Goti ulipake mafuta ya habasoda, na usipande juu kila siku kufagia chumba kisicho na mtu.

Mwanao,
Aidarus


Kibokoni
20 Oktoba 2024

Aidarus,

Assalam alaykum. Sisi ni wazima. Masinia hayajarudi. Hizo ndizo habari za nyumbani, nimezimaliza.

Ni kuuliza tu! Mimi nimekulea, nakujua ukiuliza jambo kwa sauti hiyo. Ulipovunja kioo cha kabati ulikuja ukaniuliza kioo huuzwa wapi. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaikunjua, kisha nikavaa buibui nikapanda tuktuk mpaka afisini kwa Kyalo. Nikapanga foleni na watu wenye mafaili. Akaniona, akatoka nje kunipokea, akaniletea kiti. Nikamwambia, mwanangu, nieleze kama unavyomweleza mtoto mdogo, yale niliyokwambia siku ile yamemfaa Aidarus au yamemdhuru?

Alichutama mbele yangu, Aidarus. Kisha akasema, mama, afisi ilikuwa haina ushahidi mwingine. Maneno yako ndiyo yaliyotumika.

Nimerudi nimelia. Sijalia hivyo tangu kufa babako. Kumbe nilimpandisha mtu ngazi kwa goti hili bovu, nikamnywesha kahawa yangu, nikamlisha, nikamsimamia aandike vizuri, na kila neno namkaba mwanangu! Na wewe unaniambia ulimkirimu vizuri. Umeniona mtoto? Ungenitukana ingekuwa afadhali.

Kwa nini hukuniambia mapema? Ungeandika, shangazi, akija mtu kuuliza, sema sina kwetu hapo. Ningekasirika, ningekusemea maneno mabaya, lakini ningejua la kusema au la kunyamazia. Umenificha miaka yote, wanikata mikono nisaidie na nini?

Sasa sema ukweli. Wanataka nini, na mimi nifanye nini?

Tumu


Mahe
24 Novemba 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Nakubusu mkono, na miguu pia. Usilie kwa ajili yangu. Hukusema uongo hata mmoja. Mtu mwingine angeulizwa angesema hayo hayo, na mimi ningekuwa nimekaa ukumbini ningekusikiliza kwa furaha.

Sikukwambia kwa sababu ya aibu. Ningeanzaje kukwambia nimeandika kwa mkono wangu kwamba nyumba ya babu si kwangu? Nilidhani nitalimaliza kimya kimya na wewe hutajua.

Umetaka ukweli, basi ndio huu. Uamuzi wao umetoka. Nimehesabiwa mkaazi kwa miaka yote niliyokuwa huku, na wanadai kodi ya miaka yote. Akaunti yangu ya Mombasa imefungwa. Zile fedha za kuoa unazoniulizia zilikuwa humo. Wakala nimemwendea tena kwa ajili ya cheti, nimekuta mlango umetiwa kufuli na wenye jengo hawajui amekwenda wapi. Wenzangu niliokuja nao wamekaa kwenye ngazi za jengo hilo wametazamana tu.

Nimempata wakili huko Mombasa, mwanamke, Nanjala. Anasema ya nyuma hayana dawa. Ya mbele yanaweza kuokolewa, lakini lazima nisiwe na nyumba Kenya. Anataka hati ya kiapo kutoka kwako, kwamba mimi si mkaazi wa nyumba hiyo, sina chumba, sina ufunguo, na nikija huja kama mgeni. Mgeni huruhusiwa kuja kutembea, almuradi asikae sana. Bila hati hiyo, kila nikikanyaga Mombasa naanza tena deni la mwaka mzima, na sitaweza. Itabidi nisije kabisa. Si Ramadhani, si harusi, si msiba.

Najua ni neno zito. Lakini shangazi, ni karatasi tu. Utatia sahihi, Nanjala atapiga muhuri, na maisha yataendelea kama kawaida. Chumba kibaki kilivyo. Ufunguo nitaurudisha kwa Sufyan ili tusiseme uongo katika hilo.

Mwanao,
Aidarus


Kibokoni
12 Januari 2025

Mwanangu Aidarus,

Assalam alaykum. Nimechelewa kujibu na sikuwa mgonjwa.

Huyo Nanjala amekuja. Mzuri, mcheshi, anasema Kiswahili cha bara lakini anasikiliza. Akatoa karatasi, akanisomea, akaniambia mama weka sahihi hapa. Nikamuuliza, hii ni nini? Akasema ni kiapo. Nikamuuliza, naapa kwa nani? Akatabasamu akasema kwa sheria, mama, ni utaratibu tu. Nikamrudishia kalamu yake.

Aidarus, mimi nina umri huu, nimezika watu wangu wote, na sijaapa uongo. Wewe waniambia chumba kibaki kilivyo, kisha niape kwamba hakipo. Karatasi, karatasi! Kwa wenzio ni karatasi. Mimi nitasimama mbele ya Mola wangu nimwambie ilikuwa ya kodi?

Nikakaa nalo. Nilipika sikuona ladha. Nikajiambia, ikiwa siapi, mtoto haji tena. Na nikiapa uongo, nimejiharibia mimi. Basi ikabaki njia moja, kulifanya liwe kweli kwanza, ndipo niape.

Kitanda amekichukua Jefwa, yule fundi seremala anayetengeneza madirisha ya mtaa, kwa binti yake anayeolewa. Kanzu zako nimezipeleka msikitini. Vitabu vya madrasa navyo vimekwenda huko. Paka nimemhamishia jikoni na wanawe, na amenuna. Stima nimeibadilisha jina. Chumba nimempangisha Mwende, msichana wa Kitui anayefanya kazi afisi za reli. Hana makuu, Jumapili huenda kanisani asubuhi akarudi na mkate. Ameweka pazia la maua. Sikulipenda, lakini chumba ni chake.

Ufunguo alioleta Sufyan nimempa Mwende.

Kisha nikamwita Nanjala nikamwambia lete kalamu. Nikaapa kwamba Aidarus hakai hapa, hana chumba hapa, na akija huja kama mgeni. Nilitamka kwa sauti, ingawa alisema si lazima. Kyalo naye alikuja kuthibitisha, akachungulia chumba akashuka haraka. Nilimtengenezea kahawa, akasema ana haraka.

Umepata ulilolitaka. Mungu akulinde.

Tumu


Mahe
9 Februari 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Nakubusu mkono.

Sufyan alinipa barua yako kazini, nikaingia nayo chumba cha barafu nikaisomea humo kwa sababu ndipo pasipo na watu. Nimekaa mpaka wakanifuata.

Sina cha kusema ila asante. Sikuomba kitanda kitolewe. Kile kitanda babangu alikinunua alipooa, hilo wewe unalijua kuliko mimi. Lakini sikulaumu, shangazi, nani nimlaumu? Nilidhani tunawachezea akili watu wa afisi. Sikujua wewe huchezi.

Nanjala ameandika kwamba afisi imekubali. Kuanzia mwaka huu mimi ni mgeni. Ya nyuma yanabaki, yatakatwa kidogo kidogo, nadhani mpaka nizeeke. Wenye kiwanda wamenichukua bila wakala, kwa mshahara wa chini. Nimekubali, nitakwenda wapi?

Nitakuja Idi. Nimetafuta gesti Mwembe Tayari, karibu na stendi ya mabasi ya bara, kwa sababu Nanjala amenionya nisilale nyumbani mwaka huu wa kwanza. Mchana wote nitakuwa kwako. Nipikie wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mimi nitakuna nazi kama zamani. Tutacheka, utaona.

Mwanao,
Aidarus


Mahe
13 Aprili 2025

Shangazi,

Assalam alaykum. Nimefika salama. Nilisema nitakaa wiki mbili, nikakaa nusu yake. Ulisema huniulizi sababu kwa vile mgeni haulizwi. Nakwambia mwenyewe.

Asubuhi ya Idi nilitoka gesti, nimevaa kanzu mpya niliyoinunua dukani. Nikapita watu wamekaa barazani, wakanisimamisha, karibu Aidarus, umefika lini, umeshukia wapi? Nikasema nimeshukia kwa rafiki. Nikafika mlangoni. Nikasukuma, umefungwa. Nikasimama. Shangazi, sijawahi kupiga hodi katika nyumba ile. Sikujua nipige kwa nguvu gani. Akafungua msichana, Mwende, amejifunga leso, akaniuliza kwa adabu, unamtaka nani? Nikasema namtaka mwenye nyumba.

Ukanikaribisha ukumbini. Ukanitolea vikombe vya kabatini, vile ambavyo nilikuwa napigwa nikivigusa. Ukanifukiza udi, ukaninyunyizia marashi. Ulipokwenda jikoni nikanyanyuka nikufuate nikakune nazi, ukageuka ukasema, keti, mgeni hakuni nazi. Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Wewe hukucheka.

Nikala peke yangu kwenye meza, na wewe umesimama kunihimiza, ongeza, ongeza. Miaka yote tumekula mkekani, sinia moja, ukinisukumia kichwa cha samaki. Kila siku niliyokuja ilikuwa hivyo hivyo. Nikitaka kuaga, unanisindikiza mpaka mlangoni.

Ungeniacha hata siku moja tu nikae jikoni. Nani angejua?

Aidarus


Kibokoni
18 Mei 2025

Mwanangu,

Assalam alaykum. Barua yako nimeipata. Sisi ni wazima. Mwende alipata homa, nikamwuguza, sasa yuko kazini. Mvua za mwaka huu zimeingia mpaka kwa Maisara.

Wauliza nani angejua. Mimi ningejua. Niliapa kwamba ukija huja kama mgeni, na wageni nyumba hii huwekwa ukumbini, hawapelekwi kwenye masizi. Kama ningekuacha uingie jikoni siku moja, ukakaa kwenye kile kibao cha mbuzi ukakuna nazi, ukaimba ovyo kama ulivyokuwa ukiimba, nisingeweza kukwambia toka. Ningekufungia mlango ulale. Kesho yake ungekuwa na nyumba, na mimi ningekuwa mwongo, na wao wangekukata tena.

Wadhani nilikuwa sioni? Nilikuwa nakuona unavyokula. Ulivyomeza kama mtoto aliyelazimishwa dawa. Ulipoondoka nilikuwa nakwenda jikoni nakula makoko ya sufuria nimesimama, na chakula kizuri kimebaki mezani. Mwende alinikuta akasema, bibi, kwa nini huli na mgeni wako?

Basi nakuomba jambo moja. Idi ijayo usije. Sikufukuzi. Nakupenda kuliko roho yangu, na kwa sababu hiyo siwezi kukunyunyizia marashi tena. Nilijikaza mara moja, ya pili sina. Kaa huko, fanya kazi, ukipata mke huko oa huko. Uniandikie. Katika barua hakuna mlango.

Na jambo jingine nikwambie mimi mwenyewe kabla hujalisikia kwa Sufyan. Goti limepanda mpaka nyonga, na daktari ameniambia moyo nao haufanyi kazi vizuri. Kwetu, wajua, mtu akifa asubuhi huzikwa alasiri, na wewe hata ukipanda ndege hiyo hiyo hutawahi. Na mwanamke huteremshwa kaburini na watu wake wa damu. Mimi wa damu niliyebakiwa naye ni mmoja. Kwa hiyo nilikwenda kumuuliza maalim wa msikiti wetu, mwanamke asiye na mtu wake hapa mjini anateremshwa na nani. Akasema watu wema wa mtaa hufaa, haina makosa. Nimewaomba Sufyan na Jefwa, wamekubali, Jefwa ingawa si Mwislamu amesema atachimba.

Maalim alinitazama sana. Akasema, lakini bi Tumu, Aidarus si mtoto wako? Si yuko?

Nikamwambia Aidarus hakai hapa. Nimeapa.

Tumu